SIKU SABA KATIKA NCHI YA MIZABIBU



Kila tusomapo Injili, shuleni au nyumbani, twakutana na mzabibu na matawi yake, na shinikizo, na viriba, na arusi ya Kana. Lakini wengi wetu hatujauona mzabibu kwa macho, isipokuwa ndugu zetu wa Dodoma, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo jamaa wa kanisa moja la Alsace, katika nchi ya Ufaransa, walipotualika kukaa kwao juma moja wakati wa mavuno, tulikubali kwa furaha. Tulikuwa watu wanne: mchungaji ajuaye Kifaransa, mama mmoja mzee wa kanisa, na walimu wawili.

Hata hivyo tuliondoka na hofu moja. Mmoja wa walimu wale katika ujana wake alikuwa mtumwa wa pombe. Nyumba yake ilikuwa karibu kuvunjika, na watoto wake walilala njaa hata siku ya mshahara. Sasa ni mwaka wa tisa hajaonja kitu. Mkewe alipotusindikiza alituambia, “Mnampeleka katika nchi ambayo divai hunywewa kama maji. Mnirudishie kama nilivyowapa.” Mwalimu mwenyewe ametupa ruhusa kuyaandika haya, kwa kuwa asema huenda yakamfaa mwenzake, nasi jina lake tumelificha.

Alsace ni nchi nyembamba, mfano wa mshipi. Upande wa mashariki kuna mto Rhine, na ng’ambo yake ni Ujerumani. Upande wa magharibi kuna milima ya Vosges. Milima hiyo huzuia mawingu yatokayo baharini, hata mji wa Colmar ukawa miongoni mwa miji ipatayo mvua kidogo sana katika Ufaransa yote. Jua hilo na ukavu huo ndio uzima wa zabibu. Lakini nchi iliyo katikati ya mataifa mawili yenye nguvu haikosi machozi. Mwaka 1871 Ujerumani iliitwaa. Mwaka 1918 ikarudi kwa Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaitwaa tena. Na mwaka 1944 na 1945 ikakombolewa. Basi mtu aliyezaliwa huko mwaka 1869, akaishi hata mwisho wa vita, alibadilishiwa taifa mara nne pasipo kuhama nyumba yake.

JUMATATU: STRASBOURG

Tulifika kwa garimoshi kutoka Paris, mwendo usiozidi saa mbili. Kabla hatujafika mjini tuliuona mnara wa kanisa kuu. Umejengwa kwa mawe mekundu ya milima ya Vosges, kimo chake mita 142, nao ulimalizika mwaka 1439. Tangu mwaka 1647 hata mwaka 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Mpango ulikuwa kwamba minara iwe miwili, lakini wa pili haukujengwa; nasi tukasema, hata Ulaya ujenzi wa kanisa hukwama.

Ndani yake mna saa kubwa ya ajabu, iliyotengenezwa na fundi Schwilgué kati ya mwaka 1838 na 1842. Kila siku, saa sita na nusu ya mchana, sanamu za mitume kumi na wawili hupita mmoja mmoja mbele ya sanamu ya Bwana, naye huwabariki. Na jogoo hupiga mbawa zake na kuwika mara tatu, ili watu wakumbuke habari ya Petro. Chini yao hupita mtoto, na kijana, na mtu mzima, na mzee, wote mbele ya Mauti. Watalii walikuwa wakicheka na kupiga picha. Jogoo alipowika, Mwalimu wetu hakucheka. Alisema polepole, “Huyu jogoo ananijua.”

Katika uwanja mmoja imesimama sanamu ya Gutenberg, iliyowekwa mwaka 1840. Mtu huyu alikaa Strasbourg muda wa miaka kama kumi, tangu mwaka 1434 au karibu, akijaribu kazi zake kwa siri, kabla ya kuichapa Biblia katika mji wa Mainz karibu na mwaka 1455. Sisi tulio watu wa kuchapa na kusoma karatasi ndogo kama hii tulisimama mbele yake kwa heshima, kwa maana bila kazi yake hata gazeti hili lisingewafikia.

Jioni tulikula chakula kikuu cha nchi ile, kiitwacho choucroute. Kabichi hukatwa nyembamba kama nyuzi, hutiwa chumvi na kushindiliwa chomboni chini ya jiwe, na kuachwa majuma kadhaa hata ikachachuka. Ndivyo watu wa zamani walivyopata mboga wakati wa baridi, theluji ilipofunika mashamba. Hupikwa na divai nyeupe kidogo, huliwa pamoja na viazi na soseji na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mama yetu alionja, akanyamaza kidogo, akasema, “Harufu yake ni kama togwa iliyosahauliwa.” Kisha akaomba aongezwe. Akina mama wapendao kujaribu, kipimo chake ni gramu 20 za chumvi kwa kila kilo ya kabichi, na mboga yote izame katika maji yake yenyewe; katika joto letu haitakawia.

Mezani kila mtu aliwekewa bilauri ya divai pasipo kuulizwa. Mwalimu aliifunika yake kwa kiganja. Mhudumu akadhani hakupenda rangi yake, akaleta nyingine. Hapo tuliona kwamba juma lile lingekuwa refu.

JUMANNE: MLIMA WA ODILE

Tulipanda motakaa kwenda mlima wa Mtakatifu Odile, wenye kimo cha mita zaidi ya 750. Watu wa Alsace husimulia kwamba Odile alizaliwa kipofu, binti wa mtawala mkali, na baba yake akamkataa. Naye siku ya kubatizwa macho yake yakafunguka. Baadaye alianzisha nyumba ya watawa mlimani, na baba huyo huyo ndiye aliyetoa mahali. Kwetu sisi, ambao katika vijiji vingine mtoto mwenye kasoro bado hufichwa ndani, hadithi hiyo haikuwa ya mbali.

Kutoka juu twaliona nchi yote mpaka Rhine, na vijiji vingi kuliko tulivyoweza kuhesabu, kila kimoja na mnara wake. Upande wa kaskazini kuna mji wa Saverne, alikozaliwa François Libermann mwaka 1802, mwana wa rabi wa Kiyahudi, aliyebatizwa mwaka 1826, na baadaye akawa mkuu wa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Shirika hilo ndilo lililofanya kazi Unguja tangu mwaka 1863, na Bagamoyo tangu mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, naye pia mtu wa Alsace. Sisi si wa kanisa lao, lakini hatuwezi kuisimulia habari ya Ukristo katika pwani yetu pasipo kuwataja watu waliotoka katika vilima hivi vya mizabibu. Wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana, na makaburi yao yako Bagamoyo.

JUMATANO: SHAMBANI NA MEZANI

Siku hii tulipelekwa kijiji cha Hunawihr kufanya kazi ya mavuno. Njia ipitayo katika vijiji vya mizabibu yaitwa Njia ya Divai. Ilifunguliwa mwaka 1953, na urefu wake ni kilometa kama 170, kutoka Marlenheim hata Thann.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, mwenye mikono kama mizizi. Alitupa makasi na ndoo, akatuonyesha namna ya kukata kishada pasipo kukiumiza. Kazi ile huvunja mgongo, kwa maana vishada viko chini, na mteremko ni mkali. Mzee alitueleza kwamba mzabibu hukatwa matawi wakati wa baridi, yakabakizwa mawili tu au moja, nayo hufungwa kwa kupindwa kama upinde. “Usipoukata,” alisema, “utakupa majani mengi ya kujivunia, na zabibu chache zenye uchungu.” Walimu wetu walitazamana, kwa maana somo hilo wamelifundisha miaka mingi wakiwa hawajawahi kushika mkasi.

Zabibu hizo hupelekwa upesi kwenye shinikizo. Maji yake hutiwa katika mapipa makubwa ya mwaloni au ya chuma, na chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Wakati huo hutoka hewa nzito isiyoonekana, nayo hutulia chini na kuweza kumwua mtu pasipo yeye kujua. Wazee waliingia na mshumaa uwakao. Mshumaa ukizimika, walikimbia. Divai ya Alsace ni nyeupe kwa sehemu kubwa, nayo huwekwa katika chupa nyembamba ndefu. Aina zake huitwa kwa majina ya mizabibu yenyewe: Riesling iliyo kali na safi, Sylvaner iliyo nyepesi, Gewurztraminer inukiayo kama waridi na viungo. Wenye kunywa miongoni mwetu, nao walikuwa wawili, walionja kidogo kidogo, wakakiri kwamba ni kazi ya watu wenye subira.

Kanisa la Hunawihr limezungukwa na ukuta kama boma, katikati ya mizabibu. Tangu mwaka 1687 Wakatoliki na Waprotestanti husali humo, kila watu kwa saa yao. Kwanza walilazimishwa na mfalme, na magomvi hayakukosekana. Lakini leo ni karne ya nne, na paa ni moja. Hapo pia tuliona makorongo weupe. Mwaka 1974 ndege hawa walikuwa wamebaki jozi zisizofika kumi katika Alsace yote, kwa sababu ya nyaya za umeme, na kukaushwa kwa majaruba, na ukame wa Afrika wanakokwenda wakati wa baridi. Kituo cha kuwatunza kilianzishwa mwaka 1976, na sasa kuna jozi mamia. Wale wa Alsace hupita Hispania kwenda Afrika Magharibi. Jamaa zao wa Ulaya ya mashariki hupita Misri na kufika kwetu, nao ndio tuwaonao mashambani wakila panzi na viwavi. Basi ndege ni wageni wa nchi mbili, na huhitaji ukarimu wa nchi zote mbili.

Jioni bibi wa nyumba alitupikia baeckeoffe, maana yake ni tanuri la mwokaji. Nyama za namna tatu, ya ng’ombe, ya kondoo na ya nguruwe, hulazwa usiku kucha katika divai, kisha hupangwa na viazi na vitunguu katika chungu, na kifuniko huzibwa kwa donge la unga. Zamani akina mama walikipeleka chungu kwa mwokaji mikate siku ya Jumatatu, wakaenda kufua, na chakula kikaiva polepole katika joto lililobaki.

Hapo ndipo hofu yetu ilipotufikia. Mwalimu hakukila, kwa sababu ya ile divai, ingawa mchungaji alimweleza kwamba kileo kingi hutoka motoni. Kisha mzee akasimama, akamimina divai ya mwaka ule aliooa, chupa aliyoitunza kwa ajili ya wageni. Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Na kwao kukataa divai ya namna hiyo ni vivyo hivyo. Mwalimu alitoka jasho. Akasema, na mchungaji akafasiri: “Baba, unisamehe. Sikatai mkono wako. Mimi nilikuwa mlevi. Nikinywa hii moja, sitajua nitaishia wapi.”

Tulinyamaza wote. Mzee alimtazama kitambo, akaweka chupa mezani pasipo kujimiminia mwenyewe. Akashuka katika chumba cha chini, akarudi na jagi la maji ya zabibu yaliyokamuliwa mchana ule, yangali matamu, hayajaanza kuchachuka. Akamimina bilauri mbili, moja ya Mwalimu na moja yake. Na bibi akaleta mayai na mkate. Hakuna aliyesema neno zaidi juu ya jambo lile.

ALHAMISI: KAYSERSBERG NA GUNSBACH

Katika mji mdogo wa Kaysersberg alizaliwa Albert Schweitzer, tarehe 14 Januari 1875, mwana wa mchungaji. Naye alikulia Gunsbach, katika bonde la Munster. Alikuwa mwalimu wa theolojia na mpiga kinanda hodari, kisha mwaka 1905, akiwa mtu wa miaka 30, akaanza kusomea udaktari. Mwaka 1913 yeye na mkewe Helene walifika Lambaréné, katika nchi ya Gabon, wakafungua hospitali. Vita ilipoanza mwaka 1914, walikamatwa na serikali ya Ufaransa, kwa kuwa watu wa Alsace wakati ule walikuwa raia wa Ujerumani. Alirudi Lambaréné mwaka 1924, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, akafa huko huko Lambaréné mwaka 1965.

Nyumba yake ya Gunsbach sasa ni makumbusho. Tuliyaona maandishi yake na viatu vyake. Lakini yatupasa kusema kweli yote: Waafrika wengi wamemlaumu kwamba aliwahesabu kuwa kama wadogo zake, si kama watu sawa naye, na kwamba hakuwalea madaktari Waafrika wa kushika kazi yake. Mwalimu kijana aliyekuwa nasi alisema kwamba mtu aweza kukufunga kidonda vizuri, na bado asikupe kiti cha kukaa. Tuliona ni haki kuyakumbuka yote mawili.

Bonde hili ndilo la jibini iitwayo Munster. Neno hilo latokana na monasteri, kwa kuwa watawa walikaa hapa tangu karne ya saba. Jibini hii huoshwa kwa maji ya chumvi muda wa majuma kadhaa, na harufu yake hutangulia kabla ya sahani. Huliwa na viazi vya moto na kisibiti. Ukishapita mlango wa pua, ladha yake ni ya upole.

IJUMAA: COLMAR

Kama msomaji angepewa siku moja tu katika Alsace, twamshauri aitumie katika Colmar, mbele ya picha moja. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Unterlinden, palipokuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko. Ilichorwa na Grünewald, kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, kwa ajili ya madhabahu ya watawa wa Mtakatifu Antoni katika kijiji cha Isenheim.

Watawa hao walitunza wagonjwa wa maradhi ya kutisha yaliyoitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Mtu alisikia mikono na miguu ikiungua kama motoni. Kisha viungo vikawa vyeusi na kukatika. Wengi walidhani ni adhabu au uchawi. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba sababu ni mkate: kuvu jeusi liotalo katika masuke ya rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano, hasa miaka ya baridi na mvua. Maskini walikula rai, tena mwaka wa njaa hawakuwa na nafasi ya kuchagua punje. Kule Isenheim watawa waliwapa wagonjwa mkate mzuri, na divai iliyobarikiwa, na dawa ya kupaka. Na wengine wakapona, kwa kuwa waliondolewa kwenye mkate wenye sumu, ijapokuwa hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Tena waliletwa mbele ya picha hii. Bwana amesulibiwa, mwili wake ni wa rangi ya kijani, umejaa vidonda na miiba, na vidole vimekakamaa kama vya mgonjwa. Mchoraji hakumfanya mzuri. Alimchora katika hali ya wale waliolala sakafuni wakimtazama. Kando yake Yohana Mbatizaji anamwonyesha kwa kidole kirefu. Lakini mbao zile hufunguka kama milango, na ndani yake ni ufufuo: Bwana apanda katika mviringo wa nuru, ngozi yake ni safi, na makovu yake yang’aa. Mama yetu alisimama hapo muda mrefu. Aliuguza mumewe miaka mitatu hata akafa. Alituambia, “Sijapata kumwona Bwana akiwa mgonjwa. Nilidhani alikuwa na majeraha tu.”

Wazazi na walimu, msiyasome haya kama mambo ya kale. Kwetu mahindi na karanga zisizokauka huota kuvu lenye sumu, ambayo twaiita sumukuvu. Kenya mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Tanzania mwaka 2016 watu waliuawa nayo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengine walisema wamerogwa. Kaushieni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yahifadhini mahali pakavu. Punje zilizooza msizipike, wala msipike pombe nazo, wala msiwape mifugo. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Jioni tulikula mkate mwembamba uliopakwa malai na vitunguu na nyama, uokwao kwa dakika chache. Zamani waokaji waliutumia kupimia joto la tanuri kabla ya kutia mikate mikubwa. Siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeagiza divai, wala hatukuwa tumepatana.

JUMAMOSI: KILIMA CHA SIGOLSHEIM

Mzee wetu alikuja mwenyewe kutuchukua. Alitupeleka juu ya kilima cha Sigolsheim, ambapo katikati ya mizabibu kuna makaburi zaidi ya 1,500 ya askari wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika vita vya kuikomboa Colmar, majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945. Kijiji chenyewe kilibomolewa karibu chote. Makaburi mengi ni ya vijana wa Afrika Kaskazini, na mawe yao yameelekezwa Makka. Tuliwakumbuka baba zetu waliopelekwa Burma katika vita ile ile, wakipigania nchi ambazo majina yake hawakuyajua.

Ndipo mzee akasema habari yake. Tangu mwezi wa Agosti 1942 Wajerumani waliwaandika kwa nguvu vijana wa Alsace na Moselle katika jeshi lao, jumla yao wapata 130,000. Kijana akikimbia, jamaa zake waliadhibiwa. Makumi ya maelfu hawakurudi. Baba yake alichukuliwa, akapelekwa vitani Urusi, akatekwa, akafungwa katika kambi ya Tambov. Aliporudi, Wafaransa wengine walimwita msaliti, kwa sababu ya nguo alizovikwa kwa nguvu. Hakusema na mtu. Alishuka kila jioni katika chumba cha mapipa.

“Divai ndiyo iliyotulisha,” alisema mzee, “nayo ndiyo iliyomla baba yangu. Mama alikuwa akihesabu ngazi: akipanda kumi na mbili bila kuanguka, tulilala salama. Mimi nauza divai, naipenda kazi yangu, nanywa bilauri moja mezani. Lakini miaka yote hii, tangu alipokufa, hakuna mtu aliyekaa mezani kwangu akasema waziwazi alivyosema mgeni huyu. Baba yangu angalisema hivyo mara moja tu, nasi tungalimshika mkono.”

Mwalimu hakujibu. Alimshika mzee mkono, kama tushikavyo kwetu, pasipo kuuachia, wakashuka kilima vivyo hivyo.

JUMAPILI: MEZANI PA BWANA

Usiku Mwalimu alimwuliza mchungaji wetu afanye nini wakati wa Chakula cha Bwana, kwa maana kwetu sharika yake hutumia maji ya zabibu, lakini hapa ni nchi ya divai. Mchungaji akamjibu apokee mkate, na moyo wake usihukumiwe. Lakini ibadani, katika kanisa dogo la kijiji, tuliona vikombe viwili mezani. Mchungaji wa pale, naye ni mwanamke, akatangaza kwamba kimoja ni divai na cha pili ni maji ya zabibu, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya yeyote atakaye. Watu walipopangana, tulimwona mzee wetu akiiacha safu yake, akaenda kusimama katika safu ya watoto, karibu na Mwalimu.

Baada ya ibada tulikunywa kahawa na kougelhopf, keki ya siku kuu yenye zabibu kavu na lozi, iliyo na umbo la kilemba. Huko husimulia watoto kwamba Mamajusi, wakirudi kutoka Bethlehemu, walipita Alsace na kuifanya kwa mfano wa vilemba vyao.

Alasiri tulirudi Strasbourg kupanda garimoshi. Tulipita uwanja ambapo mwaka 1936 iliwekwa sanamu ya ukumbusho wa vita: mama amewapakata wana wawili wanaokufa. Hawakuvikwa nguo za jeshi lo lote, kwa kuwa mmoja alipigana upande huu na mwenzake upande ule, na mama yao ni mmoja.

Basi, wapenzi, tumewaletea nini? Divai tumeiona kuwa kazi ya mikono na ya jua, nayo si uchawi wala si shetani. Lakini tumeona pia kwamba nyumba iishiyo kwa divai yaweza kufa kwa divai, kama nyumba iishiyo kwa mahindi iwezavyo kufa kwa mahindi yaliyooza. Mwenyeji mwema hamlazimishi mgeni wake. Mkifanya arusi au ubatizo, wekeni vyombo viwili mezani, msiulize maswali, wala msicheke. Na aliye na adui wa namna hii ndani yake aseme waziwazi mara moja mbele ya watu wampendao.

Tulipofika, mkewe Mwalimu alikuwa akitungoja. Hakutuuliza neno. Alimsogelea mumewe karibu kama asikilizaye pumzi yake, kisha akachukua mzigo wake, akasema, “Karibuni nyumbani, chakula ki tayari.”